Anafika wapi? Kuhusu raundi za Richmond Park

Swali:

Shikamoo mwalimu. Tunaishi Kingston, kusini-magharibi ya London. Tangu mwaka jana mume wangu kila Jumamosi huamka saa kumi alfajiri, anavaa nguo zake za kubana, anakwenda na baiskeli Richmond Park kuzunguka. Anapiga raundi nne, siku nyingine tano, barabara ile ile, kisha anarudi hoi na amefurahi kama mtoto siku ya Idi. Mama yangu yuko Unguja. Juzi aliniuliza kwenye simu: "Sasa huko anafika wapi?" Nikamwambia hafiki popote, anaishia alipoanzia. Mama akasema basi huyo ni ngamia wa kinu. Nilicheka, lakini swali limenikaa. Angekuwa anakwenda Brighton, au hata Windsor, ningeelewa. Raha ya kuzunguka pale pale ni ipi? Na nikimnunulia ile mashine ya kunyonga baiskeli ndani ya nyumba, si itakuwa yale yale, na mimi angalau nimwone?

Jibu:

Marahaba, dada, na salamu nyingi kwa mama. Mwambie ngamia wa kinu hufungwa kitambaa machoni asijue kwamba anazunguka. Mumeo anajua, na hilo hilo ndilo analolifuata. Kazi yangu ni kufundisha watu baiskeli za mbio hapa London, na swali la mama nilijiuliza hata mimi siku ya kwanza nilipopelekwa pale.

Mimi mtu wa Tanga. Kwetu baiskeli ni nyingi, na kila moja ina shughuli yake. Ya jirani ilibeba mikate, ya mjomba ilibeba mkaa, ya baba ilibeba sisi: mmoja kwenye keria, mmoja kwenye bomba la mbele. Baiskeli iliyotoka tupu na kurudi tupu ilikuwa safari ya hasara. Kwa mtu aliyekulia hivyo, swali la kwanza ni hilo hilo, unafika wapi na umebeba nini. Lakini mama huyo huyo, nina hakika, jioni akitoka kupunga upepo Forodhani haulizwi amefika wapi. Anakwenda, anakaa, anaonana na watu, anarudi. Raundi za mumeo ziko karibu zaidi na Forodhani kuliko na gunia la mkaa. Weka hilo pembeni kidogo, nitalirudia.

Sababu ya kwanza haina ushairi wowote: taa za barabarani. Siku moja nilihesabu. Kutoka kwangu mpaka ninapouacha mji nyuma na kuona ng'ombe wa kwanza, nilisimama mara ishirini na moja. Kwa mtu anayekwenda kazini hiyo ni kero tu, lakini kwa anayefanya mazoezi ni sawa na kupika maandazi huku mtu anakuzimia jiko kila baada ya dakika mbili. Mwili unapoanza kazi nzito, moyo na pumzi huchukua dakika kadhaa kufika pale unapotaka vifike. Mazoezi yenye faida kwa mtu wa baiskeli, yale ya kukaza kwa dakika kumi, kumi na tano, ishirini bila kulegeza, yanataka barabara isiyokukatiza. Ndani ya mji wa watu karibu milioni tisa, barabara ya namna hiyo utaipata wapi?

Utaipata ndani ya ukuta wa mfalme. Richmond Park ina hekta 955, na Mfalme Charles wa Kwanza ndiye aliyeizungushia ukuta mwaka 1637 apate kuwinda kwa raha zake. Watu wa vijiji vya jirani walichukia, maana ardhi waliyozoea kupita ilifungwa. Leo wajukuu wa wajukuu wao wanapita humo na baiskeli za kaboni, na wanyama wa mfalme bado wapo, zaidi ya mia sita. (Mimi nawaita kulungu. Najua kulungu wa kwetu ni mwingine, lakini ukisema "ayala" watu wanadhani unasoma Zaburi.) Barabara ya kuzunguka mbuga ina urefu wa kilomita 10.8 hivi. Humo hakuna taa. Kuna raundabauti ndogo hapa na pale, kuna watembeao kwa miguu, na kuna hao kulungu, ambao hawajapata kusoma alama ya barabarani tangu enzi za Charles.

Kwa hiyo raundi nne za mumeo ni kilomita 43. Akizipiga kwa mwendo wa kilomita 28 kwa saa, ni saa moja na nusu na dakika tatu za kunyonga bila mguu kugusa chini. Kwenda Windsor na kurudi kungemchukua muda mrefu zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo angekuwa amesimama nyuma ya basi.

Lakini ingekuwa ni taa peke yake, watu wangezunguka wakilalamika, na hawalalamiki. Ngoja nikuonyeshe raundi moja jinsi anavyoiona yeye.

Anaingia kwa geti la Kingston, mwezi wa Juni, saa kumi na moja. Kumeshapambazuka, na magari hayajaingia kwa kuwa mageti yao hufunguliwa saa moja. Tuseme anazunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Wapo wanaozunguka kinyume, na ubishi wa upande upi ni mgumu zaidi hautaisha mpaka kiama. Kabla miguu haijapata moto anakutana na Dark Hill, kilima kifupi chini ya miti. Anashusha gia, anajuta kula biriani usiku. Juu njia inakuwa tambarare. Mkono wa kushoto, miti ikifunguka, bonde la mto Thames liko chini huko na ukungu umelilalia. Anafika geti la Richmond, anakata kulia, na hapo anaanza kuteremka Sawyers Hill. Hii ndiyo zawadi. Barabara inafunguka kuelekea mashariki, jua liko usoni, na siku ya anga safi anayaona maghorofa ya katikati ya London kwa mbali, madogo kama vibiriti vilivyosimamishwa. Upepo wa London mara nyingi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo hapa unamsukuma mgongoni, na mtu wa makamo mwenye mkopo wa nyumba anajiona mwewe.

Kisha analipa. Baada ya geti la Roehampton na sehemu ya tambarare hadi geti la Robin Hood, barabara inageukia upande ule ule unaotoka upepo, na mbele yake ni Broomfield Hill. Si mlima wa kutisha, dakika mbili hivi tu. Lakini ni dakika mbili zisizo na pa kujificha: kilima mbele, upepo wa mbisho usoni, na kumbukumbu ya jinsi ulivyopapanda raundi iliyopita. Akifika juu anateremka hadi Kingston, na mbele yake ni Dark Hill tena.

Sasa angalia maneno "raundi iliyopita", maana humo ndimo ilimo raha yenyewe. Mtu anayekwenda Brighton anapanda kila kilima mara moja. Akikipanda vibaya hajui ni miguu, ni upepo, ni gia, au kilima chenyewe ni kibaya, na akishakipita kimekwisha. Mumeo anakipanda Broomfield mara nne asubuhi moja na mara mia mbili kwa mwaka. Anajua kwamba ukianza kwa pupa pale chini, utamaliza unapumua kama samaki mchangani. Anajua pa kubadilisha gia, karibu na mti upi. Anajua upande wa barabara wenye lami laini. Akijaribu jambo jipya, tuseme ameshusha usukani kidogo au amekula uji badala ya mkate, jibu analipata baada ya dakika ishirini na tatu, kilima kikimrudia. Fundi cherehani hupima nguo kwa futi ile ile kila siku, hatafuti futi mpya. Ile barabara ni futi ya mumeo.

Na futi hiyo inapima kwa ukali kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya hewa. Kwenye tambarare, ukishafika kilomita thelathini kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu unayotoa inakwenda kuipasua hewa. Ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa unakuwa mara nne, na nguvu inayotakiwa mara nane. Ndiyo maana kupunguza sekunde thelathini kwenye raundi moja ni kazi ya miezi. Mtu akikuambia, "Leo nimepata ishirini na mbili na nusu," na macho yanamng'aa, usicheke. Amekwambia habari za baridi yote aliyoinyongea tangu Januari.

Niseme pia kwamba futi hiyo hudanganya. Watu husema upepo ukiwa mbele nusu ya raundi na nyuma nusu nyingine, mambo yanasawazika. Hayasawaziki. Unapokwenda kinyume na upepo unakwenda polepole, kwa hiyo unakaa humo muda mrefu zaidi, na ulichopoteza hakirudi chote unaposukumwa. Siku ya upepo raundi zote huwa za polepole. Nimeshawaona wanafunzi wangu wakirudi nyumbani wamenuna kwa sababu ya hewa tu, ilhali miguu yao ilikuwa haijawahi kuwa na nguvu kama siku ile.

Narudi Forodhani. Mwulize mumeo ni watu wangapi anaowajua pale kwa sura bila kuwajua majina. Atakuambia wengi. Yuko mzee wa soksi nyekundu, wako madada wawili wanaongea toka mwanzo hadi mwisho na bado wanakupita, yuko kijana anayepanda Broomfield akiwa amesimama kwenye pedali kama anaikanyagia nyoka. Barabara ya mviringo inawakutanisha watu ambao njia iliyonyooka ingewatawanya. Wawili wakitoka pamoja kwenda mbali, mmoja ana nguvu na mwingine hana, ama mwenye nguvu atachoka kusubiri ama mnyonge atakufa njiani. Kwenye raundi hakuna tatizo. Mwenye nguvu anakwenda zake, anazunguka, anakukuta tena, mnapanda kilima pamoja mkiongea, anakwenda zake tena. Ukichoka unakatia nyumbani kwa geti lako. Ukipata pancha na pampu umeisahau, baada ya dakika moja yuko atakayekuuliza, "Uko sawa?" Nimewahi kupewa tyubu na mtu nisiyemjua, nikamrudishia wiki mbili baadaye mahali pale pale, kwa sababu nilijua atapita.

Halafu kuna kujificha mgongoni. Ukikaa karibu na gurudumu la aliye mbele yako, yeye anaipasua hewa na wewe unapita kwenye mpasuko, na kazi yako inapungua kwa karibu robo, hata theluthi kundi likiwa zuri. Makundi hujiunda yenyewe. Mmoja anapita, wawili wanamdandia, wanabadilishana kukaa mbele bila kuambizana neno, ni kiwiko tu kinatikiswa kusema "njoo wewe sasa". Raundi moja mko sita, geti la Richmond wawili wanatoka, Roehampton mmoja anaingia. Ni baraza, isipokuwa halina benchi na kila mtu anatiririka jasho.

Kuna na jambo la akili, nalo nililielewa baadaye sana. Kwenye safari ya mbali kichwa hakitulii: kata wapi, lori hilo limeniona, maji yatatosha, mvua ile inakuja huku? Mumeo, nadhani, juma zima kazini anaamuliwa na kuamua. Kwenye raundi maamuzi yote yalishafanywa. Hakuna kona mpya. Baada ya raundi ya pili mwili unaendesha wenyewe na kichwa kinabaki wazi, kinaona vitu. Anaona kulungu jike na mtoto wake waliokuwa kushoto, sasa wamevuka kulia. Ukungu wa raundi ya kwanza umekwisha raundi ya tatu. Mimi matatizo yangu mengi nimeyatatua kati ya Roehampton na Robin Hood, pale kwenye tambarare pasipo na la kufanya.

Na hesabu yenyewe inasaidia. Kilomita 43 ni nyingi kwa mtu aliyelala saa tano. Raundi moja si nyingi. Ya kwanza unaamka, ya pili ndiyo kazi, ya tatu inachukiza (ya tatu huchukiza daima, hata kwa mabingwa), na ya nne ni ya mwisho kwa hiyo inakwenda. Hiyo ya tano unayosema anaiongeza siku nyingine, mwanzoni haikuwamo kwenye mpango. Imemjia anapita geti la Kingston, mlango wa nyumbani uko wazi pale, akaupita. Ni ushindi mdogo ambao barabara iliyonyooka haiwezi kukupa.

Mama akisema huo ni mchezo wa wasiojua njia, mweleze kwamba mabingwa nao huzunguka. Olimpiki ya London mwaka 2012, mbio za barabara zilipita ndani ya mbuga hii hii, zikaenda Box Hill huko Surrey, na wanaume wakakizunguka kilima hicho mara tisa kabla ya kurudi mjini. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, na sehemu kubwa ya mbio za wanaume, kilomita 267.5, ilikuwa kuzunguka mitaa ile ile ya mji kwenye mzunguko wa kilomita 15 hivi. Watu wa Kigali walisimama mahali pamoja, juu ya mawe ya Kimihurura, wakawaona mabingwa wakipita tena na tena, kila mara wachache zaidi. Waliofika mwisho ni thelathini tu. Na kama raundi nne ni kichaa, mwaka 2022 Filippo Ganna wa Italia alikwenda kilomita 56.792 kwa saa moja ndani ya uwanja wa Grenchen, Uswisi. Uwanja huo una mita 250. Piga hesabu: raundi 227, na mandhari ni mbao.

Kuna upande wa pili wa jambo hili na sitauficha. Mtu akipenda sana futi yake, huanza kusahau kwamba ile ni mbuga ya watu wote. Mwaka 2022, Regent's Park, katikati ya London, bibi wa miaka 81 aligongana na mwendesha baiskeli aliyekuwa katika kundi la raundi, na baadaye akafariki. Magari Richmond Park yamewekewa kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, na kwenye mteremko wa Sawyers baiskeli inapita hapo bila kunyonga. Anayefukuza rekodi saa tano asubuhi, watoto wamejaa na mbwa wamefunguliwa, mimi simwiti mwanamichezo, namwita mpumbavu, na wanafunzi wangu wanajua. Mumeo kutoka saa kumi na moja ndiyo adabu yenyewe. Mwambie tu mwezi wa Oktoba awe na macho. Ndipo kulungu madume wanapogombania majike, na dume akiwa na hasira zake hatazami kushoto wala kulia.

Sasa ile mashine. Ni nzuri, mimi ninayo, na Januari barafu ikiwa barabarani naitumia na kushukuru. Kwa kupima nguvu ni sahihi kuliko mbuga, maana haina upepo wala kulungu. Lakini yale yale haitakuwa. Kwenye mashine husogei, kwa hiyo hakuna mteremko wa kukulipa baada ya kilima, hakuna kona ya kulaza baiskeli, hakuna mgongo wa mtu wa kujificha, na joto linakupanda kwa sababu hewa haikupiti: utahitaji feni kubwa, na chini pataloa. Tena inavuma. Unayetaka kumwona ni mume, utakachokiona ni mtu aliyevaa spika masikioni anatazama ukuta na kuugulia. Ukimnunulia, mpe kama nyongeza ya majira ya baridi, usimpe kama badala.

Kama ni kumwona, iko njia rahisi zaidi. Jumamosi moja wahi, tia chai ya tangawizi kwenye chupa, nenda ukasimame juu ya Broomfield, kwenye nyasi upande wa kushoto, mbali kidogo na barabara. Kila baada ya dakika ishirini na tatu utamwona anatokeza. Raundi ya kwanza atakupungia na pengine ajionyeshe kidogo. Ya pili atatabasamu. Ya tatu hatakutazama kabisa, usimnunie, ndiyo raundi yenyewe hiyo. Chai mwekee ya nne.